Mstari wa manjano: Hiace ya wapishi na gundi iliyokomaa juani

Gari liliponifikia lilikuwa limeshaumizwa. Kwenye mlango wa kusukuma, ule wa abiria upande wa kushoto, palikuwa na baka la ukubwa wa sinia, limefifia na kujaa mikwaruzo ya mviringo. Hatua moja nyuma yake, kwenye bati la ubavuni juu ya gurudumu, rangi ilikuwa imelegea ikaganda tena, na katika kuganda kwake ikashika nyuzi za kitambaa. Niliinama nikazihesabu: nne za bluu na moja nyeusi, zimelala ndani ya rangi kama nywele kwenye kipande cha sabuni. Na gundi ya stika iliyobanduliwa pale ilikuwepo vile vile, imetandazwa tu, imeingia weusi wa vumbi.

"Mwanangu, yule kijana alinambia kubandua ile stika ni kazi ya nusu saa," mwenye gari alisema.

"Hiyo nusu saa ndiyo iliyofanya haya, mama."

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wapishi wa harusi hapa Mombasa. Walichanga wakanunua Hiace nyeupe ya kubebea masufuria, majiko na wao wenyewe, maana biriani ya watu mia tano haipandi tuktuk. Hiace hiyo ilikuwa imekula miaka ya matatu, na kama matatu nyingi za Kenya, ilivaa mstari wa manjano kiunoni. Mstari ule ni urithi wa kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 pamoja na mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na sare za makondakta. Wengine huupiga kwa rangi. Huu ulikuwa wa stika, upana wake kama sentimita 15, umezunguka ubavu wa kulia, nyuma, na ubavu wa kushoto. Ukiupima wote unakaribia mita 10.

Karatasi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilikuwa zimeshabadilishwa na gari limekuwa la binafsi, lakini mstari haujui karatasi. Trafiki walikuwa wakilisimamisha wakitaka leseni ya PSV, ile ya magari ya abiria, na abiria wa stejini wakilipungia mkono. Siku moja mzee mmoja alishaingiza mguu ndani ndipo akaona masufuria. Ndiyo maana wakampa kazi kijana anayeosha magari jirani yao.

Nilimtafuta yule kijana, si kwa kumgombeza. Nilitaka kujua alitumia nini na kwa mpangilio gani, kwa sababu ukiingia kwenye kazi iliyoharibika bila kujua dawa gani imeshapita pale, unaweza kuongeza la pili juu ya la kwanza. Alinieleza bila kuficha. Alianza kwa kubandua stika kwa kucha. Ikawa inavunjika vipande vidogo kama maganda ya kitunguu, chini inabaki gundi. Akachukua petroli na kitambaa. Gundi ikalegea kidogo, kisha ikarudi kuwa ngumu, imetapakaa mara mbili ya pale ilipokuwa. Akaenda dukani akanunua thina. Thina ikafanya kazi mlangoni, akafurahi, lakini polepole kwa haraka zake, basi akaongeza sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Palipobaki vipande vya stika akapitisha wembe. Alipofika lile bati la ubavuni na thina yake, kitambaa kikang'ang'ania. Hapo akaacha.

Ukisikiliza mpangilio huo utaona kila hatua ilikuja kulipia haraka ya hatua iliyotangulia. Petroli haikushindwa kwa kuwa ni dhaifu. Ilishindwa kwa kuwa inaruka. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bati limekaa juani, na petroli juu ya bati la moto haikai hata dakika. Gundi ya stika za magari huhitaji kitu kikae juu yake, kipenye, kiivimbishe mpaka iachane na rangi yenyewe. Kitu kinachokauka kabla hakijapenya huyeyusha ngozi ya juu tu, na ile ngozi iliyoyeyuka ndiyo unayoitandaza kwa kitambaa. Kijana akadhani anahitaji dawa kali zaidi. Alichohitaji ni dawa ya uvivu zaidi. Sitaji hata hatari ya moto: mvuke wa petroli hushika cheche hata kwenye baridi kali, sembuse Mombasa.

Kuvunjika kwa stika nako kuna sababu. Stika hizi ni plastiki ya PVC, na PVC kwa asili ni ngumu. Huwekewa kilainishi ili ikubali kupinda kwenye bati. Jua la miaka hukiondoa kile kilainishi kidogo kidogo. Plastiki hukakamaa na kunywea, ndiyo maana kwenye kingo za stika kuukuu utaona kijistari cheusi: ni gundi iliyoachwa nje baada ya stika kurudi ndani, ikashika vumbi. Gundi nayo hukomaa kwa joto na mwanga. Stika ya mwaka mmoja unaibandua kwa mkono ukiwa unaongea na simu. Ya miaka saba au minane ni habari nyingine.

Lakini kilichonishughulisha hasa ni lile bati la ubavuni. Thina ile ile, kitambaa kile kile, mkono ule ule: mlangoni rangi ilikwaruzika lakini ikabaki rangi, na hapa ikawa uji. Tofauti hiyo haikutoka kwa kijana. Ilikuwa ndani ya gari.

Nilizunguka na tochi. Kwenye mpira mweusi wa dirisha la nyuma kushoto palikuwa na vitone vyeupe vidogo, kama umande. Kiwandani mpira huwekwa baada ya rangi, kwa hiyo vitone vyeupe juu ya mpira ni ushahidi kwamba bati hili liliwahi kupigwa rangi mtaani na fundi hakuufunika vizuri. Nikagonga kwa fundo la kidole kuanzia mlangoni kuja nyuma. Mlango ulilia bati. Ubavu ukalia bati, bati, halafu ukaziba sauti sehemu ya kiganja kimoja na nusu: pati, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mabonde ya bati. Sumaku niliyoifunga kwa kitambaa ilishika kila mahali, na pale ikateleza. Matatu hii iliwahi kupigwa ubavuni, ikanyooshwa, ikapakwa pati, ikapigwa rangi, na mstari wa manjano ukabandikwa upya juu yake.

Sasa ni rangi gani? Nilichukua kipande cha fulana nyeusi. Watu huchukua kitambaa cheupe, na kwa gari jeupe hutaona kitu. Nikakilowesha thina kidogo kwenye ncha, nikagusa ndani ya ukingo wa mlango wa kusukuma, mahali pasipoonekana mlango ukifungwa. Kitambaa kilitoka kama kilivyoingia. Nikaenda chini kabisa ya lile bati la ubavuni, nyuma ya tairi, nikagusa kwa kuhesabu mpaka tatu. Kitambaa kikatoka na weupe, na kidole kikasikia ulimbo. Rangi ya NC, yaani nitroselulosi.

Hapa ndipo kisa chote kinaposimama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la kama nyuzi 140 za Selsiasi, na rangi nzuri za mtaani, zile za 2K, huchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Zote mbili hukauka kwa kubadilika: chembe zake hushikana na kuwa kitu kingine, kama yai lililochemshwa, ambalo halirudi ubichi hata ulirudishe majini. NC haibadiliki. Hukauka kwa sababu thina iliyokuwa ndani yake imeruka tu, kama chumvi inavyobaki maji ya bahari yakikauka kwenye mwamba. Irudishie maji na chumvi inayeyuka. Irudishie NC thina, hata baada ya miaka kumi, inarudi kuwa rangi ya kopo. Ni rahisi, hukauka upesi, na fundi anayetaka gari litoke jioni huipenda. Simlaumu, matatu isipotembea hailipi mkopo. Lakini tangu siku ile Hiace hii ilikuwa na rangi mbili zinazofanana kwa macho, na zisizoweza kunywa dawa moja.

Kwa hiyo nilipanga kazi mbili, nikaanza na rahisi.

Ubavu wa kulia na nyuma ulikuwa wa kiwandani na stika haijaguswa. Tuliliosha gari kwanza kwa sabuni, kwa sababu mchanga mmoja chini ya kitambaa ni msasa. Nililiacha juani mpaka kama saa nne asubuhi, stika ipate uvuguvugu, kisha nikalisukuma chini ya mkungu. Binti wa mama ana saluni. Akaniazima draya ya nywele. Mafundi wengi hutumia ile bunduki ya hewa moto ya kazi za mabomba, nami ninayo, lakini mdomo wake hutoa joto la mamia ya nyuzi, na ukisahau mkono wako sekunde kumi umeshachemsha rangi. Draya ina polepole yake. Kipimo changu ni kiganja: bati liwe la moto kiasi cha kuweza kulishika bila kuondoa mkono. Likizidi hapo stika huwa laini kupita kiasi, inavutika kama bigijii, na gundi huiacha stika na kubaki kwenye gari, ambalo ndilo tusilolitaka.

Unainua pembe kwa kadi ya simu iliyokwisha au kadi kuukuu ya benki. Halafu unavuta. Si kuvuta kuja kwako, bali kuilaza stika irudi juu ya mgongo wake, ikiwa karibu kulalia bati, taratibu kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Ukisikia inataka kukatika, unasimama, unarudisha draya. Ubavu wa kulia ulitoka kwa vipande virefu kama mkono. Nyuma, juu ya mlango mkubwa, pamepigwa jua zaidi na moshi juu yake, vipande vilikuwa vya ukubwa wa kucha. Sehemu hiyo peke yake ilikula adhuhuri nzima, na sina ujanja wa kuwauzia wasomaji. Ni kukaa kwenye stuli.

Gundi iliyobaki niliiwekea mafuta ya taa. Yanaruka polepole, na huko kuchelewa ndiko faida yake. Zamani ningesema pia ni rahisi, lakini tangu 2018 serikali ilipoyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wachakachuaji wasiyatie kwenye dizeli, lita ya mafuta ya taa si kitu cha kumwaga. Huhitaji kumwaga. Nilikata vitambaa vya pamba kwa upana wa mstari, nikavilowesha na kuvikamua, nikavibandika juu ya gundi, nikavifunika kwa nailoni ya kufungia chakula ili hewa isivikaushe. Draya ilikuwa imeshachomolewa na kurudishwa saluni. Moto na mafuta ya taa havikai kazi moja. Dakika 15. Ukifunua, gundi imevimba, imekuwa rangi ya maziwa, na ukiisukuma kwa ukingo wa kadi inajikunja yenyewe kuwa vijipira. Usisugue, sukuma upande mmoja, futa kadi, sukuma tena. Pasipotoka, rudisha kitambaa dakika kumi. Mara ya pili karibu kila kitu kilitoka.

Mafuta ya taa huacha utelezi, na juu ya utelezi hakuna polishi wala rangi itakayoshika. Tuliosha kwa sabuni ya vyombo, tukasuuza, kisha nikapitisha spiriti kidogo kwa kitambaa safi. Kidole kikapita bila kunata.

Hapa naungama langu. Kona ya nyuma kulia palibaki utando wa gundi uliokataa, nikachoka, nikachukua drili na gurudumu la mpira, lile linalofuta stika kama raba ya mwanafunzi. Ni chombo kizuri sana kwenye bati tambarare, spidi ndogo, mkono ukitembea. Mimi nilikuwa kwenye mkunjo wa bati, drili ya kutobolea ukuta, spidi ya juu. Kwenye mkunjo rangi huwa nyembamba, na mpira huzalisha joto. Nilisikia harufu kabla sijaona. Likabaki doa la rangi ya chai, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nilimwonyesha mama mwenyewe kabla hajaligundua, nikalitoa kwenye bei. Saa moja ya ziada ya mafuta ya taa ingenitosha.

Siku ya pili nikahamia ubavu wa kushoto. Lile bati la NC bado lilikuwa na kama nusu mita ya stika ambayo kijana hakuifikia. Draya hapa niliinyima kazi: NC hulainika kwa joto, na rangi iliyolainika juu ya pati huweza kutoka pamoja na stika, ukabaki na kidonda cheupe cha pati. Nilitumia taulo la maji ya uvuguvugu, nikaliacha likae, nikavuta milimita kwa milimita. Kwa gundi, thina ni marufuku, hilo limeshaonekana. Spiriti nayo niliiweka mbali. Peke yake haiiyeyushi NC kama thina inavyofanya, lakini huilegeza na kuitia ukungu, na sikuwa na sababu ya kujaribu bahati. Mafuta ya taa ni ukoo mwingine; NC haiyeyuki ndani yake. Hata hivyo sikuamini kitabu. Niliweka kitambaa chini nyuma ya tairi, dakika kumi kwa kutazama saa, nikakandamiza kwa kidole: pagumu. Ndipo nikapanda juu, kwa dakika tano tano badala ya 15, na sabuni baada ya kila awamu. Ilichukua muda mara tatu ya upande wa kulia. Rangi ilibaki.

Stika ilipotoka yote, mlango wa nyuma ulitoa siri nyingine. Mistari miwili mirefu, minyoofu, myembamba kama uzi, imekata rangi mpaka bati, na ndani yake kutu ya rangi ya mdalasini. Aliyebandika ule mstari miaka ile aliukatia juu ya gari kwa kisu badala ya kukata mezani. Stika iliifunika kazi yake, na hewa ya chumvi ya Pwani ikaingia ukingoni ikafanya yake kimya kimya. Sikuweza kuifuta. Niliisafisha kwa ncha ya msasa, nikapaka praima kwa brashi ndogo, kisha rangi. Ukisimama hatua mbili huioni. Ukiinama, ipo.

Kivuli cha mstari nacho kilikuwepo, kama nilivyotarajia. Pale stika ilipokuwa, nyeupe ilikuwa nyeupe kweli. Juu na chini yake imechuja na kuwa kama chaki. Watu hukimbilia kusugua ule mstari, wakati wenyewe ndio mzima. Kinachohitaji kusuguliwa ni kilichouzunguka. Kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, kwa sponji, kipande kwa kipande, kisha polishi laini, kisha nta. Ukumbuke unakula nini: rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima mpaka juu, mara nyingi ni kama mikroni 100 hadi 130, yaani unene wa nywele mbili hivi. Huongezi kitu unaposugua, unapunguza. Nilipunguza mpaka tofauti ikawa ya kuonekana asubuhi tu, jua likija la ubavuni.

Mlango wa kijana ulipona zaidi ya nilivyodhani. Niliupitisha ukucha: palipokuwa hapashiki, nilipiga msasa wa maji namba 2000, kisha kompaundi, na mikwaruzo ya sufi ikaondoka. Mistari minne ya wembe ilishika ukucha, nikaiacha ilivyo. Kuifuata mpaka chini ni kuimaliza rangi. Lile bati la NC, pamoja na subira yote ile, halikuwa na dawa pale penye nyuzi. Niliiondoa NC yote kwa msasa, nikakuta pati chini bado nzima, nikapiga 2K.

Mama alikuja jioni ya siku ya tano na wenzake wawili. Walizunguka gari kimya, mmoja akapitisha kiganja ubavuni kama anayechagua kanga. Kisha mwenyekiti akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa: mchoro wa sufuria, jina la kikundi, namba ya simu.

"Sasa hii tunaibandika wapi?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nilimwambia si pale kushoto nyuma, rangi ile ni mbichi, aipe mwezi mzima. Milango ya mbele, sawa. Wakate mezani.

"Na tutaibandua lini?"

"Kabla haijaanza kupasuka kingo, mama. Ukiona kijistari cheusi, niletee."

Akaikunja karatasi, akairudisha mkobani, akaniuliza kama ninakula biriani ya mbuzi au ya kuku.